Nimemaliza matibabu ya saratani ya titi. Huu mkono unaruhusiwa kubeba nini?

Mitumba_Busia (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Niko Busia upande wa Uganda, nauza mitumba sokoni. Nilitolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, nikachomwa kemo (dawa za kuua saratani), nikaenda Kampala kwa mionzi, na sasa niko kwenye kidonge cha homoni kila siku. Daktari anasema niko vizuri, nirudi kliniki kwa tarehe yangu. Kwa upande wa ugonjwa sina la kulalamika.

Shida ni maisha yenyewe. Muuguzi mmoja aliniambia mkono huu usibebe kitu kizito tena mpaka naingia kaburini. Mwingine, jengo lile lile, akaniambia nifanye mazoezi. Nyumbani mama mkwe amenipiga marufuku hata kushika ufagio. Ananiletea uji asubuhi, matoke mchana, posho (ugali) usiku, na mwili umeongezeka mpaka gauni langu la gomesi halinitoshi. Halafu kuna uchovu ambao siuelewi: nalala usiku kucha naamka nimechoka vile vile. Jioni mkono unajaa, pete haipiti.

Na belo la mitumba halijifungui lenyewe. Nipumzike au nifanye mazoezi? Na kama ni mazoezi, ni yapi, maana mambo ya jimu mimi siyawezi.

KijanaWaMbale

Pole dada. Mimi naona mazoezi ni ya watu wa Kololo wenye raba za laki tatu. Mtu anayeteka maji, analima, anafua, anabeba mtoto mgongoni, atafute mazoezi gani tena? Kula, lala, mwili urudi.

Hajati_Bombo

Mwanangu wa Busia, hongera kwa kumaliza. Mimi ni wa zamani. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika nilikuwa bado kwenye foleni, nikamalizia Nairobi kwa ndugu zangu. Kwa hiyo nayasema haya nikiwa nimeyaishi miaka kadhaa.

Mimi mkono wangu nilikuwa naupima kwa swala. Baada ya upasuaji takbira ilikuwa inagawanyika: mkono wa kushoto unafika sikioni, wa kulia unakwama kifuani. Chini ya kwapa palikuwa na kamba ngumu, unaiona kabisa chini ya ngozi, inavuta mpaka kwenye kiwiko. Sijda ndiyo ilikuwa mtihani, kwa sababu ukishuka uzito wa mwili unaegemea viganja viwili na kimoja hakitaki. Nikawa naswali kwenye kiti, na nilikuwa nalia, si kwa maumivu, kwa kuona kila mtu amepanga safu chini na mimi niko juu peke yangu.

Mtaalamu wa viungo akanifundisha kupandisha vidole ukutani. Unasimama umeuangalia ukuta, vidole vinatambaa juu polepole mpaka pale panapovuta, unakaa hapo, unavuta pumzi mara kadhaa, unashuka. Asubuhi na jioni. Nilikuwa naweka alama ya mkaa kwenye ukuta wa jikoni nione nimefika wapi. Wajukuu wakadhani ni mchezo, wakaanza kuweka alama za urefu wao pembeni, ukuta ukachafuka wote. Ile kamba ililegea yenyewe kwa kunyooshwa hivyo hivyo.

Na gomesi. Unajua vifungo viko bega la kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio lazima uvuke kifua uvifikie. Nilivyorudi kuvifunga bila kumwita mkwe wangu chumbani, hapo ndipo niliposema nimepona. Daktari anauliza kama uvimbe umerudi, ni haki yake. Lakini kuvaa mwenyewe, kujisuka, kuanika shuka kwenye kamba ya juu, kulalia upande unaoutaka: hayo hakuna kadi inayoyaandika, na ndiyo maisha.

FundiViungo

Ni mtaalamu wa fiziotherapia, Kampala. Naomba nijibu kwa urefu, mnisamehe.

Kwanza, dada wa Busia, wale wauguzi wawili hawakukudanganya, walisoma miaka tofauti. "Usibebe kitu maisha yako yote" yalikuwa mafundisho ya kawaida duniani kote kwa muda mrefu. Tezi za kwapani ndizo zinazopitisha maji ya limfu kutoka mkononi kurudi kwenye mzunguko. Zikitolewa, maji yanabaki na vijia vidogo, kama malori ya Malaba yakifungiwa barabara kuu. Kati ya wanawake wanaotolewa tezi nyingi za kwapani, takriban mmoja kati ya watano mkono wake huvimba. Kwa wanaotolewa tezi chache tu za kupima ni wachache zaidi, kama mmoja kati ya kumi na wanane. Basi madaktari wakaogopa uzito, wakaamua ni salama zaidi mkono ukae.

Mwaka 1996, kule Vancouver nchini Kanada, daktari wa michezo Don McKenzie aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti akawaweka kwenye mtumbwi mrefu wa makasia, kazi ambayo ni mikono na mabega mwanzo mwisho. Hakuna aliyevimba mkono kwa sababu hiyo. Leo timu za namna hiyo ziko nchi nyingi. Kisha mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake Marekani wakatoa matokeo ya wanawake 141 ambao mikono yao tayari ilikuwa imevimba. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, nusu hawakunyanyua. Mikono ya wanyanyuaji haikuvimba kuwazidi wenzao. Waliopatwa na uvimbe kupanda ghafla walikuwa asilimia 14 kwa wanyanyuaji na asilimia 29 kwa wale wengine. Msuli unapokaza na kulegea ndio unaoyasukuma yale maji juu. Mkono uliolazwa hauna pampu.

Ila soma masharti kabla hujakimbilia belo. Wale wanawake walisimamiwa na wakufunzi mwanzoni, walivaa soksi ya mkono ya kubana iliyopimwa kwa saizi yao, na walianza na uzito mdogo sana wakiongeza kidogo kidogo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kijana wa Mbale. Ni kweli, kazi za shamba na za nyumbani zinahesabika. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unazihesabu. Lakini jerikani ya lita 20 ni kilo 20, na haikuulizi kama leo ni wiki ya pili baada ya mionzi. Jembe halina robo jembe. Shamba halisemi "leo inatosha". Kinachouumiza mkono si uzito, ni kuruka kutoka sifuri mpaka 20 kwa siku moja kwa sababu kisima kimekauka na watoto hawana maji.

Kwa hiyo tumia hiyo hiyo jerikani, ila panda nayo ngazi. Lita moja ya maji ni kilo moja, huhitaji chuma cha mtu. Anza na chupa ya nusu lita mkononi. Kunja kiwiko na kukunjua mara 10. Inua mkono pembeni mpaka usawa wa bega mara 10. Sukuma juu mara 10. Pumzika, rudia mara moja. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, usiunganishe siku. Ukikaa wiki mbili na mkono haujajaa wala haujawa mzito kuliko kawaida yake, nenda chupa ya lita moja. Halafu ile jerikani ndogo ya lita 3, ijaze mpaka lita moja na nusu tu. Ndiyo raha ya maji, unaongeza kikombe. Kisha ya lita 5. Mkono ukijaa, rudi ngazi moja chini, subiri utulie, panda tena. Usiache kabisa, kwa sababu ukikaa miezi miwili unaanzia chupa ya nusu lita.

Miguu na mgongo usivisahau. Kaa kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, mara 10. Hilo tu linatosha kwa mwanzo.

KijanaWaMbale

Sawa nimekuelewa, mkuu. Lakini mtu ameshasema amechoka. Unamwongezea kazi mgonjwa aliyechoka?

FundiViungo

Ndiyo, na najua inavyosikika. Uchovu wa baada ya kemo si ule wa kulima. Wa kulima unaisha ukilala; huu haujali usingizi. Mwaka 2017 watafiti waliunganisha tafiti 113 zenye wagonjwa wa saratani zaidi ya 11,000 wakalinganisha njia za kupunguza uchovu huu. Mazoezi na ushauri wa kisaikolojia vilisaidia kuliko dawa za kutia nguvu. Kiasi chenyewe si cha kutisha: mapendekezo ya wataalamu ya 2019 yanasema kutembea kwa kasi dakika 30, mara tatu kwa wiki, kunatosha kupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni, na kuinua hali ya maisha. Uzito mara mbili kwa wiki unaongezea. Asiyeweza 30 aanze na 10. Kasi ni ile unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Dada_Mwanza

Jirani yenu wa ng'ambo ya ziwa, muuguzi. Fundi amesema vizuri, niongeze ya hatari, maana watu huwa wanasoma nusu wanaondoka.

Kama kwenye kemo ulipata ile dawa nyekundu ambayo hata mkojo unageuka rangi, au ile sindano ya wenye HER2 (aina ya saratani ya titi yenye protini hiyo kwa wingi), zote mbili zinaweza kugusa moyo. Ukitembea ukakosa pumzi kuliko ilivyokuwa wiki iliyopita, ukashindwa kulala bila kuinua kichwa, miguu ikavimba yote miwili, kifua kikabana: simama, nenda hospitali. Usijilazimishe ukidhani ni uvivu.

Kama saratani ilishafika kwenye mifupa, usinyanyue hata chupa kabla daktari hajakuambia mfupa gani uko salama.

Ukiwa na ganzi kwenye nyayo kutokana na kemo, usitembee na ndala. Hutahisi jiwe wala msumari. Raba ya mtumba yenye kisigino kilichofungwa inatosha, na dada ana duka la mitumba, hana kisingizio.

Na mkono: ukiona wekundu unaosambaa, joto, maumivu, na homa, hayo si mambo ya mazoezi tena, ni maambukizi, yanataka antibiotiki siku hiyo hiyo. Huanzia padogo sana: kisu cha kumenyea matoke, cheche ya sigiri, kucha iliyong'olewa. Vaa glavu shambani.

Afande_Mstaafu

Mke wangu alitibiwa, tunashukuru Mungu. Nimesoma huu uzi wote nikitafuta yangu. Mimi nilichukua jembe, nikachukua jerikani, nikachukua sufuria. Nilidhani nimemsaidia. Akakaa tu kibarazani, akawa mkali, halafu akawa mkimya, na ukimya ndio ulionitisha. Kilichomwinua ni wake za askari wenzangu waliokuwa wakitembea alfajiri kuzunguka uwanja wa kambi. Hawakuita mazoezi, waliita umbea. Akaanza kwenda. Sasa mimi kazi yangu ni chai iwe tayari anaporudi, na ole wangu nikigusa jerikani yake ndogo ya njano. Amechora mistari kwa kalamu ya wino mzito, hapa wiki ile, hapa wiki hii.

Swali langu ni la ndani ya nyumba kidogo. Zile joto za usiku na mambo mengine ya ndoa, mazoezi yanasaidia?

Hajati_Bombo

Afande, joto la usiku linatokana na kidonge cha homoni na kukoma kwa hedhi ghafla. Kutembea kunamsaidia kulala, na mtu aliyelala ana subira. Hayo mengine ya ndoa yana dawa zake, za kulainisha, azungumze na daktari wake wala asione haya, tena asinunue yenye homoni bila kuuliza. Na wewe umuulize yeye kwanza kabla ya kutuuliza sisi.

Afande_Mstaafu

Nimepokea amri.

Nyabo_Ntinda

Nimekuwa nasoma kimya. Hakuna anayetaja titi la bandia? Mimi hilo ndilo lililonikatisha tamaa ya kutembea. Nililishona mwenyewe, kitambaa cha pamba kimejazwa mtama, uzito wake ni mzuri kabisa ukikaa kanisani. Jaribu kupanda kilima cha Naguru nalo sasa! Linapanda mpaka kwenye mfupa wa bega, unabaki unalirudisha kwa mkono huku watu wa boda wanaangalia.

Suluhisho nililolipata kwa fundi cherehani: ashone mfuko wa ndani kwenye sidiria, mdomo wake upande wa kwapa, titi liingie likae. Sidiria yenyewe iwe ya mkanda mpana, ile nyembamba inakata bega na kuzuia maji yale yale Fundi anayoyasema. Na mtama ukilowa jasho ubadilishe. Kwa kutembea sasa hivi nimejaza pamba, naweka kokoto ndogo laini chini ili lisielee. La mtama ni la Jumapili.

Mitumba_Busia

Nyabo, nimecheka mpaka wateja wamenigeukia. Asanteni wote. Nina mawili.

Moja, hapa mpakani mtu akionekana anakimbia saa kumi na mbili asubuhi wanauliza anakimbizwa na nani. Na nikikonda je? Nywele ndiyo kwanza zinaota. Mimi ni wa umri wa kuwakumbuka wagonjwa wa UKIMWI, ule ugonjwa uliokuwa ukiitwa slimu. Najua watakachosema.

Pili, belo. Naomba mniambie belo.

Hajati_Bombo

Watasema. Walisema uliponenepa, walisema uliponyolewa, watasema ukikonda. Tafuta wa kutembea naye, wawili wakitembea ni safari, mmoja akitembea peke yake ndiyo habari. Na mama mkwe usigombane naye, mpe nusu ya ile sahani ya matoke mle wote. Ananenepesha kwa mapenzi.

KijanaWaMbale

Fundi, na la mwisho kutoka kwangu. Hivi mazoezi yanazuia isirudi? Kuna pasta anasema mtu akikimbia na kunywa juisi haina haja ya vidonge.

FundiViungo

Mwambie pasta aendelee na mahubiri. Mwaka 2005 ulitoka uchambuzi wa wauguzi 2,987 wa Marekani waliokuwa wameugua saratani ya matiti. Waliotembea kiasi cha saa tatu hadi tano kwa wiki walikufa wachache kuliko waliokaa. Ila ule ulikuwa ufuatiliaji tu; anayetembea sana huenda ndiye aliyekuwa na nguvu tangu mwanzo. Mwaka 2025 ulitoka utafiti ambao watu 889 waligawanywa makundi kwa kura, na waliofanya mazoezi kwa mpango wa miaka mitatu walirudiwa na ugonjwa wachache zaidi. Hiyo lakini ilikuwa saratani ya utumbo mpana, si ya titi. Kwa titi, kinachojulikana vizuri zaidi ni nguvu, usingizi, mifupa, mkono na moyo wa furaha. Hayo yanatosha kumtoa mtu kitandani. Kidonge cha homoni kina kazi yake na hakibadilishwi na raba. Tena wale wanaotumia vile vinavyoleta maumivu ya viungo asubuhi, mazoezi yanapunguza hayo maumivu.

Dada, belo. Belo zima la kilo 45 usilinyanyue, na wala hukupaswa kulinyanyua peke yako hata kabla ya saratani. Likatwe kamba likiwa chini pale pale lilipoangushwa, utoe nguo kwa mafungu madogo ya uzito ulioufikia kwenye ngazi yako. Fungu la kichwani halina neno, ila mtu akutwike na akutue. Kazi ya kuumiza ni kulipandisha na kulishusha kwa mikono. Mkoba usiuning'inize bega la kulia.

Lakini kabla ya yote, ule mkono unaojaa jioni unanisumbua. Chukua futi ya kushonea. Pima mikono yote miwili mahali pale pale: sentimita 10 chini ya kiwiko, na sentimita 10 juu yake. Tuletee namba.

Mitumba_Busia

Nimepima kwa futi ya fundi jirani. Chini ya kiwiko: kulia 27, kushoto 24 na nusu. Juu: kulia 34, kushoto 32.

FundiViungo

Basi chupa ya nusu lita isubiri kidogo, vidole vya ukutani na kutembea anza leo. Tofauti ya sentimita mbili kwenda juu inataka mtaalamu aushike huo mkono na kuuona kwa macho yake. Hospitali ya rufaa Mbale wana idara ya fiziotherapia, si lazima uje Kampala. Uliza siku yao kwanza kwa simu. Waambie unataka kupimiwa soksi ya mkono, na usikubali kuzungushiwa bandeji ya elastiki na mtu asiyejua: ikibana juu kuliko kiganjani, maji yote yanabaki chini. Nenda asubuhi, na kadi yako ya matibabu, ile yenye majina ya dawa za kemo.

Mitumba_Busia

Jumatatu soko linalala. Nitaenda Jumatatu.

Hajati_Bombo

Vaa blauzi ya mikono mipana, mwanangu, usije ukavuliwa nguo zote kwa sababu ya kiwiko.